Alichosema Bibi Harusi wa Kisimani

Jumatatu, 19 Januari 2026

Daftari hili nilimnunulia Imani ajifunze kuchora. Kachora kuku mmoja ukurasa wa kwanza, kachoka. Ana miaka minne, ana haki ya kuchoka. Mimi sina – ndiyo maana nimelichukua.

Jana Baba Imani kapiga simu kutoka Songo Songo. Anapika kambini huko, kwa wafanyakazi wa gesi, wiki tatu kisiwani, wiki moja nyumbani Masoko. Kaniuliza nafanya nini. Nikasema namnyonyesha Hussen, huku natazama filamu kwenye simu. Akacheka! Filamu zote zile zile, Mama Imani – watu wanapendana, wanalia, basi. Mtandao ukakata kabla sijajibu. Namjibu humu.

Si zile zile. Mtaa mzima unajua majina ya waigizaji. Mimi nangoja jina la mwongozaji. Yule asiyeonekana, anayeamua kamera isimame wapi na ikae hapo muda gani. Kama mwanamke jikoni tu. Chakula watu wanakiona.

Nina wangu watatu.

Wa kwanza Erasmo Nanguka, mtu wa huku kwetu kusini. Filamu yake “Shimo la Choo”. Ndugu wanachimbisha choo, wanagombania kiwe upande wa nani, mpaka wanamsahau mchimbaji humo ndani. Nilicheka hadi Hussen kaachia titi kunishangaa. Lakini kuna mahali mama yao anakanda unga. Kamera inatazama mikono yake tu. Inakaa. Inakaa! Mpaka unajua ana hasira, na hajatamka neno.

Wa pili Ngozika Amadiobi, Mnaijeria. “Chumvi ya Jirani”. Kwake huyu mlango ukifungwa hakuonyeshi aliyeondoka. Anakuonyesha aliyebaki. Nikiiangalia hiyo nafikiria gati, boti ya Songo Songo ikitoka.

Wa tatu ndiye hasa. Kesho. Hussen kaamka, na uji umeungua.

Alhamisi, 22 Januari

Kesho imekuwa keshokutwa na zaidi. Hussen anaota jino.

Wa tatu ni Vilasini Deokar. Mwanamke wa Kihindi. Filamu yake kwao ina jina refu, huku tunaiita “Bibi Harusi wa Kisimani”. Jina hilo kaipa Rashidi, mwenye kibanda cha video hapa Masoko. Rashidi ndiye anayetutafsiria. Anakaa mbele na maiki, filamu inakwenda, yeye anasema juu yake – sauti ya mume, ya mke, ya mama mkwe, ya mbuzi akiwepo. Wakati ule alikuwa kijana, anazunguka vijijini na jenereta kwenye pikipiki. Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipokuja kwetu Mitole. Shuka jeupe ukutani kwa ghala la korosho. Kijiji kizima chini.

Hadithi ni hii. Bibi harusi kaolewa kwenye nyumba yenye kisima uani. Bangili ya mama mkwe inapotea. Mume anamtuhumu mke, anamfukuza. Mke anarudi kwa kaka yake. Siku moja mume anavuta ndoo kisimani – bangili imo! Anafunga safari kumfuata. Wanasimama mlangoni, yeye nje, mke ndani. Na mke anamwambia:

“Nisamehe, mume wangu. Wewe ni jua, mimi ni kivuli chako. Usipokuwepo, na mimi sipo.”

Mitole walilia watu wazima. Kungwi wangu alilia. Nilipochezwa unyago, akatufundisha hayo maneno, neno kwa neno, na magoti yake, na macho chini. Mabibi harusi wote wa upande ule wanayajua. Mimi niliyasema mwaka wa kwanza wa ndoa. Kitambulisho cha kazi cha Baba Imani kilipotea, kasema nimekimwaga na maji ya kufulia. Siku ya tatu kakikuta kwenye buti lake mwenyewe. Nikapiga magoti. Nikasema wewe ni jua.

Akafurahi sana. Alinishika kichwa, kaninunulia kitenge.

Leo kwenye duka la kujaza filamu nimeiona tena, nikaomba waniwekee kwenye memori kadi. Miaka sijaitazama.

Jumapili, 25 Januari

Ile filamu ya bibi harusi.

Dukani wamenipa ambayo haijatafsiriwa. Kihindi kitupu. Nikasema si neno, naijua kwa moyo. Mchana Hussen kalala kifuani, Imani kalala miguuni, nikaitazama.

Mlangoni pale. Mume kafika. Kamera kwenye uso wa bibi harusi.

Hasemi.

Mdomo umefungwa. Umefungwa! Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Mara sita. Hamna neno. Anamtazama tu. Mume ndiye anayeinamisha macho. Anaitoa bangili, anaiweka kizingitini. Na bibi harusi – yallah – anachukua ndoo, anairuka bangili, anakwenda zake kuteka maji. Mwisho. Jina la Vilasini Deokar linakuja juu ya maji.

Hapo Rashidi alikuwa anasema: anakwenda kumtekea mume wake maji ya kuoga.

Kosa la mume, radhi aombe mke! Na bangili tuliiona kwenye ndoo. Kijiji kizima kiliiona! Na mdomo uliofungwa tuliuona. Sasa tulikuwa tunatazama kwa kitu gani, kwa masikio?

Nimekaa pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Jumatano, 28 Januari

Nimekwenda kibandani asubuhi, Hussen mgongoni. Rashidi alikuwa ameifumua spika, waya mdomoni.

Sikusalimu vizuri. Nikasema, Rashidi, wewe mwongo.

“Karibu shemeji. Mwongo wa lipi? Yapo mengi.”

“Bibi harusi wa kisimani hasemi kitu.”

Akatoa waya mdomoni. Akakaa. Mtu mzima na mvi zake, kacheka kama aliyeshikwa na embe la jirani.

“Miaka yote hii, umekuwa wa kwanza.”

Akanieleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kilikuwa kijiji cha kwanza kuipeleka filamu ile, kabla ya Mitole. Filamu ilipofika pale ikanyamaza, na watu wakadhani spika imekufa. Sauti! Sauti wewe! Mmoja akamrushia gunzi. Akaogopa. Akasema la kwanza lililomjia.

“Na jua na kivuli?”

“Kanga, shemeji. Mama mmoja alikaa mbele yangu, imeandikwa mgongoni kwake.”

Kanga! Nimempigia mtu magoti kwa kanga ya mtu nisiyemjua!

“Na Kihindi chenyewe unakijua?”

“Najua ‘acha’, yaani sawa, najua ‘nahi’, yaani hapana. Vinatosha.”

Nikamwambia arekebishe. Aiweke tena, aseme kweli. Kakataa. Watu wanaipenda hivyo, ndoa zimetulia, aanze yeye kuzitikisa? Nikamwambia, ndoa zimetulia au wanawake wamenyamaza? Akatazama waya zake.

“Basi shika maiki wewe, kama unaona rahisi.”

Kasema kwa utani. Nikajibu nitashika. Sikuwa na utani.

Jumamosi, 31 Januari

Rashidi kanitafuta mwenyewe, nadhani hakulala vizuri. Jumamosi alasiri banda halina kitu, vijana wanasubiri mpira wa jioni. Nichukue Jumamosi mbili zijazo, wanawake tu. Baada ya hapo ni Ramadhani, analifunga banda. Hakuna nyingine.

Mbili zinanitosha. Ya kwanza “Shimo la Choo”, wacheke, wazoee viti. Ya pili bibi harusi.

Mama mkwe, Bi Ziada, kasikia. Kaacha kuchambua mchele.

“Banda lile la wavuta bangi.”

“Saa tisa hawapo, Mama.”

“Mwanamke mwenye mume, na maiki! Hata kwenye taarabu wanangoja waachike kwanza.”

Nimecheka, na yeye kidogo midomo imemcheza. Lakini hapendi. Nimemwambia kwa heshima zote – Mama, nitakwenda. Nikamwekea chai yake, sukari kama anavyotaka. Kwenda nitakwenda.

Jumamosi, 7 Februari

Kumi na mmoja! Na watoto hawahesabiki. Rashidi kaandika kwa chaki chini ya mechi za Jumapili: WANAWAKE TU SAA TISA. Umi, shoga yangu wa mtaa wa pili, kaja na beseni la mihogo ya kukaanga, pilipili yake inaua.

Vijana wamejazana mlangoni. Mmoja kauliza, leo akina mama wanacheza na nani? Umi kamjibu bila kugeuka: “Na mama yako, yupo golini.” Kweli mama yake alikuwemo! Kasimama na kiatu mkononi. Mlango ukawa mweupe.

Wamecheka hadi viti vimelia. Lakini ilipofika mikono kwenye unga, wamenyamaza. Nikawatazama wao badala ya filamu. Mwanamke mmoja anauza dagaa pale sokoni, mkali, simjui jina. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Wakauliza wiki ijayo ipi. Nikasema “Bibi Harusi wa Kisimani”. Wote wakaanza kwa sauti moja, kama madrasa: nisamehe mume wangu, wewe ni jua...

Nikaanza kupanga viti. Waje tu.

Jumanne, 10 Februari

Habari imefika kisiwani kabla ya boti. Baba Imani kapiga. Sauti yake ya chini, ile mbaya.

“Jikoni wananiita Bwana DJ.”

“Wanakutania.”

“Mama Imani, nasema iishe.”

Nikamwambia nimeshawaahidi Jumamosi. Nikamwambia si ngoma, si ulevi, ni wanawake wamekaa alasiri wanatazama filamu na watoto wao.  Nikasikia sufuria zake huko nyuma. Halafu kasema Jumapili anakuja, vunjajungu, karamu ya kabla ya mfungo, atakula nyumbani, tutazungumza.

Nampenda. Niandike na hilo, maana ni kweli. Akirudi Imani hashuki mabegani mwake mpaka msosi. Anaosha vyombo, mwanamume wa Kilwa! Mlango ukiwa umefungwa lakini.

Usiku sijaamka kulia. Nimeamka kunyonyesha. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza.

Jumamosi, 14 Februari

Niandike yote kabla hayajapoa.

Arobaini na kitu. Mikeka imeongezwa. Rashidi mwenyewe kakaa nje ya mlango kama askari, kavaa kanzu safi. Umi kambeba Hussen. Imani nilimwacha kwa Mama.

Maiki nzito kuliko nilivyodhani. Nikawaambia: Kihindi sikijui. Rashidi naye hakijui. (Kicheko. Nje Rashidi kakohoa.) Nitasema ninachokiona tu. Nisipoona kitu, sitasema.

Nikaanza. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyemeza ugali wa moto. Kisha nikasahau. Harusi – wakapiga vigelegele kuwazidi wa kwenye filamu. Bangili ikapotea. Mke kafukuzwa, nikasema, anafunga mzigo wake, anaacha kitana, anakirudia. Sikuwa nimewahi kukisikia kwa Rashidi hicho kitana. Kipo! Kipo wazi kabisa!

Ndoo ikapanda na bangili. “Ehee!” wakasema.

Mlangoni.

Mume kafika. Nikasema: mume kafika. Nikaishusha maiki kwenye mapaja.

Kimya.

Nyuma wakaanza wenyewe, nisamehe mume wangu... wawili watatu, wakakatika, wakamtazama bibi harusi, mdomo wake na midomo yao haiendani. Mmoja kapiga kelele – sauti! Sauti wewe! Mwingine, Mama Imani spika imekufa! Umi ananitazama.  Ningesema neno moja tu wangetulia. Sasa ndiyo nikamwelewa Rashidi na miaka yake kumi na tisa. Ni muda mrefu, ule! Vilasini Deokar kauacha mrefu makusudi.

Sikusema.

Yule wa dagaa kasimama. Kasema taratibu, si kwa ukali:

“Haijafa. Hasemi. Tazameni.”

Wakatazama. Mume kainamisha macho. Bangili kizingitini. Ndoo. Mguu ukainuka, ukaivuka bangili – sijawahi kusikia mlio ule. Si kigelegele, si kilio. Kama watu wametua mizigo pamoja.

Taa ilipowaka, nyuma kabisa karibu na mlango, mwanamke kajitanda kanga hadi puani, Imani kamlalia miguuni.

Mama mkwe!

Tumerudi nyumbani pamoja. Tulipofika katua chini ndoo ya maji, kanawa miguu. Ndipo kauliza:

“Kumbe lile la mwisho hasemi kitu?”

“Hasemi, Mama.”

“Na mimi nililisema. Kwa baba yake huyu Abdulrazak wako. Nilishakuwa na watoto wanne.”

Kisha kaingia kuswali. Sikupata kumwuliza.

Jumapili, 15 Februari

Baba Imani kafika na boti ya asubuhi. Nguru mkavu, mafuta ya Hussen, viatu vya Imani vyenye taa kisiginoni. Imani kavilalia.

Tumekula vunjajungu. Nilipika biriani, sikupunguza kitu. Katania, kacheka na mama yake. Baadaye kanikuta uani naosha masufuria, kachukua steelwire mkononi mwangu, kasugua moja. Akasema bila kunitazama:

“Ramadhani inaingia. Sitaki kufunga nina kitu moyoni.”

Nikasema hata mimi.

“Basi. Sitaki makuu. Uniombe radhi mbele ya Mama, kwa lile banda. Yale maneno tu. Yale ya mwaka ule.”

“Ya jua na kivuli?”

“Ndiyo.” Na uso wake – si uso wa mtu mbaya. Anayapenda yale maneno. Tangu siku ile nadhani anayabeba kwenye boti kila safari. “Uliyasema vizuri,” kasema.

Nikamwambia yametoka kwenye filamu. Kasema anajua, kila mtu anajua, kwa hiyo? Nikamwambia kwenye filamu hayamo. Kasema nisianze. Filamu kitu gani. Kaniachia sufuria.

Radhi nitaomba! Kila mtu anaomba kabla ya mwezi. Nitaomba kwa ulimi wangu mkali kwenye simu, kwa shati lake jeupe nililoliunguza, kwa kumwambia mbele ya Umi kwamba anakoroma kama jenereta. Hayo yangu. Kwa banda siombi. Na lile la kanga halitoki tena kinywani mwangu.

Jumatatu, 16 Februari

Wanawake watatu wamenisimamisha sokoni. Yule wa dagaa kanipa fungu, kakataa nisilipe, hakueleza.

 Baba Imani anarekebisha bati la jikoni. Anapiga misumari zaidi ya inayohitajika. Bi Ziada anatutazama wote wawili, anahesabu tasbihi.

Jumanne, 17 Februari

Baada ya alasiri. Leo wanautafuta mwezi.

Naandika chumbani, Hussen kwenye titi, mkono mmoja. Uzuri wa kunyonyesha – hakuna anayekuharakisha.

Barazani mkeka umetandikwa. Bi Ziada kakaa, miguu kainyoosha. Baba Imani kavaa kanzu, kaoga, kajipaka na mafuta. Kaniita kwa upole. Nimekwenda. Nimekaa chini, nimeshika mkono wa Mama kwanza, nimemwomba radhi kwa yote ninayoyajua na nisiyoyajua. Kanisamehe, kaniomba na yeye. Kisha nimemgeukia mume wangu. Shati. Simu. Kukoroma. Vyote nimesema, na machozi yamenitoka, ya kweli. Kasema nimekusamehe, nimekusamehe.

Akangoja.

“Na lile?”

 Nimetoa simu yangu. Nilikuwa nimeitega tayari, dakika za mwisho, mume anafika mlangoni. Nimeiweka mkononi mwake. Nimesema: tazama hii, Baba Imani, kisha niambie niseme nini. Hussen kalia, nimeingia ndani.

Naona barazani kwa upenyo wa pazia. Alitaka kuiweka chini. Mama yake kasema neno, sikulisikia. Kaishika tena.

Anaitazama. Kaisogeza karibu na uso.

Sasa anabonyeza pembeni, anaongeza sauti. Anaongeza tena. Kaigonga kiganjani. Kaiweka sikioni!

“Mama Imani! Simu yako mbovu? Haina sauti.”

Simjibu.

“Adija!” Sasa ananiita kwa jina langu.

Hussen kaachia titi, ananitazama. Mdomo wangu umefungwa.

Bi Ziada kaacha tasbihi. Anamshusha mwanawe mkono, taratibu, mpaka simu imekuwa mbele ya macho yake.

“Si mbovu,” kasema. “Irudishe nyuma, Abdulrazak. Mtazame mdomoni.”

Anairudisha.